Haifi Yote

Maikrowevu ikifa, mara nyingi haifi yote. Kilichokufa huwa ni fyuzi ya kauri ya shilingi chache, au swichi moja ya mlango, au kile kipande cha ulanga cha rangi ya kahawia kilicho ukutani kwa ndani. Transfoma ingali nzima, feni ingali nzima, sahani ya kioo haina hata ufa. Mwenye nyumba hayaoni hayo. Anaona sanduku lililonyamaza. Analifuta vumbi, analipeleka stoo, na baada ya muda limekuwa kabati la kuwekea mikebe na risiti za zamani. Ufundi ninaotaka kuusifu unaanzia kwenye ubishi mdogo: kukataa kuamini kwamba kitu kimekufa kabla ya kujua ni kipi ndani yake kilichokufa.

Nazungumzia Werugha, huku juu kwenye milima ya Taita, karibu na msitu wa Ngangao, ambako asubuhi ukungu hulala juu ya kabeji mpaka jua lipate nguvu. Kilele cha Vuria, chenye mita 2,208 na milingoti yake ya mawasiliano, ndicho jirani yetu mrefu. Mtu wa Voi, kule bondeni kwenye vumbi jekundu, anaweza kuacha chakula mezani na kukikuta kingali vuguvugu. Wa Werugha chakula chake hupoa kabla hajamaliza kukiombea. Kwa hiyo usishangae kukuta maikrowevu kwenye nyumba ambayo bado inapikia kuni. Kimanga cha jana hakipikwi upya, hupashwa. Mashine hizi zilipanda mlima na wastaafu waliotoka Mombasa, na walimu, na wauguzi, na mama wa vibanda vya chapati wanaotaka kuhudumia abiria kabla matatu haijaondoka.

Zikishafika huku, zinaharibika. Na zikiharibika, zinaletwa kwa fundi ambaye hakuna chuo kilichompa cheti cha maikrowevu. Alianza na redio, akapitia televisheni za kioo kizito, akapitia pasi na birika za umeme, na siku moja mtu akamwekea sanduku mezani na kumwambia, "Hili nalo ni la umeme, si ndiyo?" Sitamtaja jina. Wenye mashine wanamjua.

Tangu Shirika la Kazi Duniani litoe ripoti yake kuhusu ajira Kenya mwaka 1972, jua kali limesifiwa kwa jambo moja zaidi ya mengine yote: kubuni. Tunasifu taa iliyotoka kwenye mkebe, jiko lililotoka kwenye pipa, akala zilizotoka kwenye gurudumu la lori. Sifa hizo ni za haki, ila zimeegemea upande mmoja. Zinamfanya fundi aonekane mtu wa kutumia chochote mahali popote. Mimi nimekaa karibu na huyu wa Werugha, na kinachonivutia zaidi ni mstari anaouchora kati ya spea inayoweza kubadilishwa na ndugu yake na spea isiyokubali mbadala hata kwa dawa. Mstari huo haujaandikwa popote kwenye mashine. Uko kichwani mwake.

Chukua ulanga. Ni ngao inayofunika mdomo wa njia ambayo mawimbi hupitia kuingia chumba cha chakula. Mafuta yakiurukia na kuachwa, yanaungua na kuwa kaa. Kaa hupitisha umeme, na umeme ukipata njia unarusha cheche. Hapo mwenye nyumba hupiga kelele na kuchomoa plagi, akidhani mashine yote imelipuka. Fundi yeye hufurahi, maana huu ni ugonjwa wa bei nafuu. Ulanga huuzwa kwa karatasi nzima. Anaweka kile kipande cha zamani juu ya gazeti, anachora ukingo wake kwa kalamu, halafu anakata kwa mkasi wa kawaida. Anakwangua kaa lote lililobaki kwenye chuma, maana akiacha hata doa, cheche zitarudi mahali pale pale. Wengine huweka kadibodi, na kadibodi huwaka moto. Jambo la kuchekesha ni kwamba miamba ya Taita yenyewe ina ulanga: tembea njia ya mteremko baada ya mvua uone mchanga unavyometameta. Lakini karatasi anayoikata yeye imetoka kiwandani Uchina, na mara nyingi madini yake yalichimbwa Madagaska au India.

Sahani inayozunguka nayo haina makuu. Ikivunjika, inatafutwa nyingine yenye kipenyo kile kile na mashimo ya chini yanayoshika kile kijiti cha plastiki chenye mabawa matatu. Mota ya kuizungushia ni ndogo, nayo imeandikwa mgongoni mizunguko 5/6 kwa dakika. Niliwahi kudhani ni makisio ya kiwanda. Kumbe ni mitano kwa umeme wa hezi 50 kama wetu, na sita kwa wa hezi 60. Mota hiyo ikifa, Voi utaipata, na sababu yake haihusiani na jikoni kabisa: wanaotengeneza mashine za kutotoleshea vifaranga huitumia mota ya aina hiyo kugeuzia mayai, na kwa hiyo maduka huziagiza. Kuku wametufanyia hisani.

Kisha kuna magnetroni, na hapa bei hupanda. Ndiyo inayotoa mawimbi yenyewe. Ina historia ambayo mafundi wangeipenda wakisimuliwa. Mwaka 1940, katika Chuo Kikuu cha Birmingham, John Randall na Harry Boot walitengeneza magnetroni yao ya kwanza ya mashimo kwa vifaa vya kuokoteza maabara, wakaziba mianya kwa lakiri, ile nta ya kufungia bahasha. Ilitoa mawimbi ya takriban sentimita 10, mafupi kiasi cha kuingiza rada ndani ya ndege. Mwaka huo huo, huku kwetu, wanajeshi wa Afrika Kusini walisimika rada Mambrui, kaskazini ya Malindi, lakini yao ilikuwa ya mawimbi ya mita kadhaa, bila kifaa hicho. Siri ya Birmingham ilisafirishwa Marekani Septemba 1940, na mmoja wa walioifanyia kazi huko alikuwa Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon, mtu ambaye hakumaliza hata shule ya msingi na aliyejifunza umeme kwa kusoma mwenyewe usiku. Ndiye aliyegundua, kwa chokoleti iliyoyeyuka mfukoni, kwamba mawimbi yale yanapasha chakula. Aliomba hataza mwaka 1945. Mashine ya kwanza iliyouzwa, mwaka 1947, ilikuwa na kimo cha mtu na uzito wa zaidi ya kilo 300. Matatu ya kwenda Werugha ingeikataa, au ingeitoza nauli ya abiria watano.

Magnetroni ya leo inashikika kwa mkono mmoja, na lebo yake ndiyo kitabu cha fundi. 2M214 ni ya LG. OM75S ni ya Samsung. M24FB-610A ni ya Galanz. 2M219J ni ya Witol. Mkia wa herufi unaofuata si urembo: unaonyesha matundu ya skrubu yako wapi, mdomo wa waya umeelekea upande gani, na mapezi ya kupoozea yamelala vipi mbele ya upepo wa feni. Magnetroni mbili zinaweza kuwa na nguvu ileile na umbo linalofanana kabisa, lakini ukifunga isiyo yake, upepo utagonga ubavu badala ya kupita katikati ya mapezi, na baada ya wiki chache itaungua tena. Ndiyo maana fundi akiagiza spea hapigi picha ya mashine. Anapiga picha ya lebo.

Na ndani ya lebo hizo kuna siri nyingine ambayo mnunuzi wa dukani hajaambiwa. Majina yaliyoandikwa kwenye milango ya maikrowevu ni mengi. Viwanda ni vichache. Galanz, iliyoanza mwaka 1978 mkoani Guangdong kwa kazi ya manyoya ya bata na kuingia kwenye maikrowevu mwanzoni mwa miaka ya 1990, pamoja na jirani yake Midea, zimekuwa zikitengeneza sehemu kubwa sana ya maikrowevu za dunia, nyingi zikiuzwa kwa majina ya wengine. Fundi wa Werugha hajafika Guangdong, lakini alilijua hilo kwa bisibisi. Alifungua mashine mbili za majina tofauti, zilizonunuliwa kwa bei tofauti, akakuta matumbo yaleyale. Tangu hapo, mtu akimwambia kwamba spea za aina fulani hazipatikani Kenya, huuliza kwanza, "Jina la nje au jina la ndani?"

Spea husafiri hivi. Picha ya lebo inakwenda kwa WhatsApp hadi duka la barabara ya Luthuli, Nairobi. Duka linajibu bei, pesa zinakwenda kwa M-Pesa, na kifurushi kinapandishwa basi la usiku. Kinashuka Voi alfajiri, kinapata matatu ya kupandia Mwatate na zile kona za kwenda Wundanyi, halafu nyingine hadi huku. Magnetroni ina sumaku mbili za kauri, na sumaku hizo huvunjika kwa kishindo. Kwa hiyo anamwomba mwenye duka aifunge ndani ya nguo kuukuu, na ikifika haiungi moja kwa moja. Anaigeuza, anatafuta ufa kwenye sumaku. Anaipima kwa multimita: kati ya ncha zake mbili anataka upinzani usiozidi omu moja, na kati ya ncha na bodi asipate kitu. Dayodi ya volti kubwa inamtesa zaidi, maana multimita ya kawaida huiona imekufa hata ikiwa hai. Betri yake ndogo haina nguvu ya kuifungua. Hapo huunganisha betri ya volti 9, ile ya redio ndogo, ndipo dayodi inasema ukweli.

Lakini kabla ya kuagiza magnetroni, huivua kofia. Watu wengi hawajui kwamba ncha ya magnetroni imevikwa kofia ndogo ya chuma, na cheche zikipiga pale, kofia hutoboka au kupinda huku magnetroni yenyewe ikiwa salama. Kofia huuzwa peke yake, kwa saizi chache, kwa bei ya soda. Nimeona mashine iliyohukumiwa kufa mjini ikapona kwa kofia. Na kama kweli ni magnetroni iliyokufa, anasema wazi: bei yake inaweza kukaribia nusu ya mashine mpya, na uamuzi ni wa mwenye mali. Hapo ndipo hupoteza kazi nyingi, na hajawahi kuficha hesabu ili asiipoteze.

Sasa nifike mlangoni, maana huko ndiko mstari wake ulipo. Mlango wa maikrowevu una swichi tatu nyuma ya kulabu. Mbili hukata umeme mlango ukifunguliwa. Ya tatu ni askari wa hizo mbili: zikikwama na umeme ukabaki, yenyewe huunganisha waya makusudi ili fyuzi iungue na mashine izime. Kwa hiyo fyuzi inayoungua kila mlango unapofunguliwa haina kosa. Inafanya kazi yake. Fundi asiyejua humlaumu mjumbe: anaondoa fyuzi na kuweka waya mnene, na swichi ya tatu ikimsumbua anaing'oa. Mashine inawaka, mteja anashukuru, na kuanzia siku hiyo inaweza kuendelea kutoa mawimbi mlango ukiwa wazi. Ule wavu ulio kwenye kioo cha mlango una matundu ya milimita chache tu, na wimbi lenye urefu wa sentimita 12 haliwezi kuyapita. Mlango ukiwa wazi wavu hausaidii kitu. Jicho ndilo huumia upesi, kwa sababu lenzi yake haina damu ya kuipooza.

Mama mmoja wa kibanda alimjia na mashine yenye shida hiyo, siku ya soko, abiria wakingoja.

"Fundi, si uniwekee waya tu leo nikauze, swichi tutaweka kesho?"

"Leo huuzi kwa hii, mama. Hii itakula macho ya wale watoto wanaosimama mbele yake kungojea chapati."

Alinuna. Aliongeza pesa. Fundi alimrudishia, akamwazima jiko la makaa la mke wake, na mashine ikakaa mezani mpaka swichi zilipofika. Tunamsifu fundi kwa vitu anavyovitengeneza, na ni nadra kumsifu kwa kile alichokataa kutengeneza, ingawa siku ile kukataa kulimgharimu kuliko kazi.

Kuna adabu nyingine anayomfundisha kijana anayejifunza kwake, na hii haina mjadala. Kapasita ya maikrowevu hushika umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Transfoma huinua volti 240 za ukutani hadi 2,000 hivi, na kapasita pamoja na dayodi huzizidisha zikakaribia 4,000. Ndani ya kapasita huwa kuna kinzani cha kumwaga umeme huo polepole, lakini kinzani nacho hufa, na kikifa hakitoi taarifa. Kwa hiyo: chomoa, ngoja, kisha gusanisha ncha zake kwa bisibisi yenye mpini mzito wa plastiki, na mkono mwingine uwe mgongoni. Mkono mgongoni una maana yake: umeme ukiingia kwa mkono mmoja na kutokea mwingine, unapita kifuani. Kijana huyo hufungua skrubu, husafisha feni, hutoa mende waliozaliana nyuma ya saa kwa sababu ya joto lake. Kapasita bado hajaruhusiwa kuigusa peke yake, na amekuwa pale muda wa kutosha kulalamika.

Stima yetu nayo ni mshirika wa fundi, kwa maana mbaya. Tuko mwisho wa nyaya ndefu zilizopanda mlima katikati ya miti. Masika na vuli matawi huangukia nyaya, stima hupotea, na ikirudi hurudi kwa kishindo. Kishindo hicho hupita kwenye bodi ya namba na kuacha saa ikiwa giza. Jioni kila nyumba ikiwasha, volti hushuka, na magnetroni isiyopata joto la kutosha kwenye waya wake hufanya kazi kwa taabu na kuchakaa. Ushauri wake hauna teknolojia: stima ikipotea, chomoa, ikirudi, hesabu dakika kadhaa ndipo uchomeke. Na ukinunua, nunua ile ya vifundo viwili vya kuzungusha na kengele, maana haina bodi ya kuungua. Walio na pesa hawamsikilizi, wanataka namba zinazong'aa.

Halafu kuna maikrowevu za mapenzi. Binti yuko Marekani, anamtumia mamake mashine nzuri kuliko zote za Werugha, na mama anaichomeka siku ya kwanza mbele ya wageni. Ni ya volti 120. Mlio mmoja, harufu moja, basi. Fyuzi mpya haitasaidia, na hata ukiitafutia transfoma ya kupunguza volti, ile ya ndani ilisukwa kwa hezi 60 na kwenye 50 zetu huchemka. Zinazotoka Uingereza hazina shida hiyo, wala za Omani na Qatar. Ya Marekani huishia kuwa jeneza zuri. Fundi hutoa ndani yake vilivyo hai: feni hapana, ni ya volti zao, lakini swichi za mlango, kapasita kama volti zake zinatosha, pete ya magurudumu, sahani, kulabu, skrubu. Vyote huingia kwenye ndoo zake, kila ndoo na aina yake, na siku moja mashine ya mtu mwingine hupona kwa kulabu iliyovuka Atlantiki.

Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2024 ya kuwalazimisha watengenezaji kurekebisha bidhaa zao na kuuza spea kwa bei ya haki. Mashine za kufulia zimo, majokofu yamo, simu zimo. Nilipomsomea orodha, aliuliza maikrowevu iko wapi. Haimo. Alicheka, akaendelea kukata ulanga.

Kwenye rafu yake sasa kuna nne zinazongoja. Moja inasubiri dayodi. Ya pili imevunjika kulabu ya mlango, plastiki ambayo hakuna duka linaloiuza peke yake, na ametuma habari Mwatate na Voi kutafuta maiti ya aina hiyo hiyo. Ya tatu ni ile ya Marekani. Mama bado hajakubali. Ya nne imeshapona. Aliijaribu kwa bilauri ya maji, kwa sababu haiwashwi tupu, mawimbi yakikosa cha kupasha hurudi kuipiga magnetroni. Mwenyewe hajaja na pesa za ufundi, kwa hiyo fundi anapashia chai yake humo kila siku saa nne, na juzi amegundua kwamba taa ya ndani imeanza kupepesa.